Kabureta Kwenye Beseni

"Nyuma," Baba alisema.

Nikarudi nyuma hatua moja. Akatikisa kichwa. "Nyuma," akarudia, safari hii akinyoosha mkono wa kushoto, ule unaomtii, kuelekea pikipiki. Nikazunguka nikaenda kusimama nyuma ya pikipiki, karibu na taa. Baba akafumba macho kama mtu anayehesabu mpaka kumi ili asitukane. Mama, aliyekuwa kibarazani akichambua mchele, alicheka mpaka ungo ukamtikisika mapajani.

Ilinichukua zaidi ya robo saa, na bolti mbili nilizofungua bure, kuelewa kwamba kilichotakiwa kurudi nyuma si mimi. Ni boksi la hewa.

Hiyo ilikuwa siku ya tatu kati ya siku tisa za likizo yangu, nyumbani Makorora, Tanga. Pikipiki yenyewe ni Honda CB400N ya mwaka 1981, silinda mbili, cc 395. Baba aliinunua mwaka 1989 kwa mhandisi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, kwa fedha ambazo Mama hadi leo huzitaja kwa kipimo cha mabati: paa la nyumba nzima, na jiko la uani juu yake. Sijawahi kuona nyingine ya aina hiyo hapa mjini. Nilipokuwa mdogo tulijua Baba anarudi kazini tangu akiwa barabara kubwa, kwa sababu mlio wake haukufanana na wa pikipiki za mabwana shamba. Ulikuwa mzito, wa taratibu, kama mtu mnene anayecheka huku amefunga mdomo.

Baba alikuwa fundi wa korona. Kwa sisi tuliokulia karibu na mashamba ya mkonge, korona ni ile mashine kubwa inayokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Mwaka 2020, dunia nzima ilipoanza kuiogopa korona, Baba aliniambia kwenye simu kwamba yeye amekaa na korona miaka ishirini na sita na ilimchukua kidole kimoja tu. Ni kweli. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kinaishia kwenye kiungo cha kwanza. Utani huo aliurudia kwa kila aliyempigia simu mwaka ule. Nautaja kwa sababu ndio utani wa mwisho wa Baba ninaoukumbuka ukiwa mzima, wenye mwanzo na mwisho.

Mwaka uliofuata kiharusi kilimkuta uani, asubuhi. Alikuwa ameshazitoa kabureta za pikipiki ili azisafishe. Mama alimkuta ameketi chini, ameegemea gurudumu, bisibisi bado iko mkononi, akijaribu kumwambia jambo. Upande wa kulia ulikuwa umelala. Mguu umerudi kiasi cha kumfikisha msalani kwa mkongojo. Mkono haujarudi. Na maneno.

Daktari alitueleza kwamba maneno ya Baba hayajafutika, ila njia ya kuyafikia imeharibika. Yale yaliyokaririwa tangu utotoni yamebaki: salamu, sala, kuhesabu, na matusi mawili ya Kisambaa ambayo hatukujua kama anayajua. Kilichokwenda ni majina ya vitu. Ukimpa kijiko anakijua, anakilia ubwabwa vizuri, ila jina halimjii. Au linakuja la kitu kingine. Mtaalamu wa mazoezi alishauri tumpe vitu alivyovishika maisha yake yote, avipapase, tumngoje ataje mwenyewe, tusimtajie. Dada yangu akaleta vikombe, funguo, chanuo, kitabu. Baba alivumilia wiki mbili kisha akaanza kugeuza uso. Mzee wa miaka sabini na moja anaoneshwa kikombe kama mtoto wa chekechea. Nami ningegeuza uso.

Dada ndiye aliyekumbuka beseni.

Mama alikuwa amezihifadhi kabureta kwenye beseni lake la bluu la kufulia, zimefunikwa kanga, chini ya kitanda. Skrubu na bolti zilikuwa kwenye kopo la Blue Band. Kwa miaka miwili Mama alifulia kwenye ndoo na hakuruhusu mtu kuligusa beseni lile. Nilipomuuliza kwa nini hakununua jingine aliniangalia kama nimeuliza swali la kipumbavu. "Kwani hilo lina nini?" akasema. "Mwenyewe hajamaliza kazi yake."

Sasa tatizo lilikuwa mimi. Mimi ni mhasibu. Najua spana kwa kuiona. Nilipokuwa darasa la nne niliwahi kuokota spana ya Baba kumpelekea, akaipokea, kisha akaufuta mkono wangu kwa shati lake, kidole kimoja kimoja, akanirudisha ndani kwenye madaftari. Haikuwa mara moja. Uani kulikuwa na mpaka nisiouona ambao sikuruhusiwa kuuvuka. Jumamosi nilifanya hesabu dirishani, na nje kijana wa jirani, aliyeachia shule darasa la sita, alikuwa amechuchumaa kando ya Baba akipokea spana, akipokea kichapo, akipokea soda. Leo kijana yule ana kijiwe chake cha kutengeneza bodaboda hatua chache kutoka kwetu na watu humwita Fundi. Nilimwonea wivu wakati ule, na nikisema yameisha nitakuwa mwongo.

Kwa hiyo uani tulikuwa na mtu anayeijua kazi asiyeweza kuitaja, na mtu mwenye intaneti.

Kusafisha kulichukua siku mbili za kwanza na sina mengi ya kusema. Petroli iliyokauka ndani ya kabureta hugeuka utandu wa rangi ya asali iliyoungua, unanuka kama rangi ya kucha, na hautoki kwa kuombwa. Nilifungua, nikalowesha, nikapitisha waya mwembamba wa shaba kwenye jeti, nikapuliza kwa pampu ya baiskeli. Baba alikaa kwenye kiti chake cha plastiki na kila kipande nilichokitoa nilimpa kwanza yeye. Alikigeuza kwa mkono wa kushoto, akakikaribisha sikioni wakati mwingine, midomo ikitafuta. Chombo cha chini kinachotunza petroli alikiita "kikombe". Kile cha duara kinachofungua na kufunga njia ya hewa alikiita "sahani". Boya aliliita "mtoto". Niliandika yote kwenye simu, kisha nikakwama, kwa sababu sikujua kipi ni kosa. Fundi aliniambia baadaye kwamba hata wao kijiweni wanakiita kikombe. Ni mara ngapi nilimsahihisha Baba akiwa sahihi, sijui.

Kabla sijaeleza ile "nyuma", inabidi nieleze nafasi yenyewe.

Kabureta za pikipiki hii ni mbili zilizofungwa pamoja bega kwa bega, zinaingia kama kitu kimoja. Mbele yake kuna mipira miwili mifupi, minene, iliyofungwa kwenye injini. Nyuma yake kuna mipira mingine miwili inayotoka kwenye boksi la hewa, lile boksi jeusi la plastiki lililo chini ya kiti, ambalo ndani yake mna chujio. Kabureta zinakaa katikati, zimebanwa pande zote kwa klampu. Nafasi iliyopo katikati ni fupi kuliko kabureta zenyewe, kwa sababu pande zote mbili zinatakiwa ziingie ndani ya mpira. Maana yake kitu fulani lazima kikubali kujikunja. Pikipiki ikiwa mpya, mpira hukubali. Mpira wa miaka arobaini umekuwa kwato.

Mimi nilianza mbele, nilivyoona kwenye video ya mtu mmoja na pikipiki yake nyingine kabisa. Nikazisukuma kabureta kwenye mipira ya injini, zikaingia kwa shida, nikafurahi, nikageukia nyuma nikakuta mipira ya boksi imejikunja ndani kama mdomo wa bibi asiye na meno. Nikasukuma. Nikavuta kwa koleo. Ukingo wa mpira wa kushoto ukachanika kidogo, kiasi cha ukucha, na sauti ile ya kuchanika niliisikia tumboni. Hapo ndipo Baba aliposema nyuma.

Unafungua bolti za boksi, unatoa betri, na boksi lote linarudi upana wa vidole viwili au vitatu kuelekea gurudumu la nyuma. Vidole viwili ndivyo vilivyokosekana. Baba alilijua hilo tangu asubuhi, alikuwa na neno moja tu la kulisema, na neno lenyewe lilikuwa sahihi.

Siku ya nne Fundi alikuja jioni, mikono bado ina girisi. Akamshika Baba mkono kwa mikono yake yote miwili. "Shikamoo, Mzee." Baba akaitikia marahaba bila kukwama. Kisha Fundi akachungulia, akakuta mkao wa boksi, mpira uliochanika, nami nimekaa chini na michubuko kwenye vifundo vya vidole.

"Kaka," akasema, "hilo boksi tupa."

Alieleza kwa nia njema. Dukani kuna vichujio vidogo vya mviringo, unachomeka kimoja nyuma ya kila kabureta, unafunga klampu, nusu saa pikipiki inawaka. Vijana wengi wenye pikipiki kubwa wanafanya hivyo, tena inatoa mlio mkali. Nami nakiri nilikuwa nimeshakubali moyoni. Zilibaki siku tano. Nilitaka Baba aisikie ikiwaka, basi. Kama ingewaka kwa vichujio vya duka, ingekuwa imewaka.

"Hapana," Baba akasema.

Hilo ni neno ambalo kiharusi hakikuligusa. Tukamwangalia. Akajaribu kuendelea, midomo ikatafuta, ikakosa. Akauinua mkono wa kushoto, akauweka kama kikombe juu ya mdomo na pua, akapumua polepole, ndani na nje, akituangalia. Kisha akauondoa mkono, akamsogelea Fundi, akampulizia usoni kwa nguvu, fuu, mpaka mate yakamrukia.

Fundi akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Mzee alishanifundisha hii," akaniambia. "Zamani sana. Alinipuliza hivyo hivyo."

Na yeye ndiye aliyenieleza, amechuchumaa kando ya kiti cha Baba, mambo ambayo nilikuwa nimeyakosa nikiwa dirishani. Kwenye bodaboda za kawaida, ukivuta resi, waya unaivuta slaidi ya kabureta moja kwa moja. Mkono wako ndio unaoamua. Kwenye hii, mkono wako unafungua ile sahani tu. Slaidi yenyewe inanyanyuliwa na pumzi ya injini: injini ikivuta, hewa inapungua juu ya slaidi, slaidi inapanda, petroli inafuata. Kama hewa inayoingia nyuma ni shwari, slaidi inapanda kwa adabu. Boksi lipo kwa ajili ya ushwari huo. Ni kama tangi la maji nyumbani, hujali bomba la mtaani linatoka kwa kasi gani. Pistoni mbili za pikipiki hii zinapanda na kushuka pamoja, lakini zinavuta hewa kwa zamu, moja kisha nyingine, kutoka kwenye boksi lile lile moja. Ukilitupa, kila kabureta inavuta kwenye upepo wa barabarani, hewa inaingia kirahisi kuliko jeti zilivyopimiwa, petroli haitoshi, pikipiki inamisi katikati ya resi na injini inachemka. Wanaotupa boksi hulazimika kubadili jeti, na kubahatisha, na kubadili tena.

Baba alisikiliza maelezo yote akitikisa kichwa taratibu, uso wa mwalimu anayesikia mwanafunzi akisoma shairi bila kukosea. Alipomaliza akampigapiga begani. Niliinuka nikaenda kunywa maji jikoni. Sikuwa na kiu.

Pale jikoni niliona ukutani kitu ambacho nimekiona maisha yangu yote: ubao mrefu wenye mpira mwembamba unaopitisha mwanga uliopindishwa kama herufi U, ndani yake mafuta mekundu. Nilidhani siku zote ni kipimo cha usawa, kama kile cha mafundi ujenzi. Nilikitoa nikamwonesha Fundi. Akasema hicho ni cha kupimia kabureta mbili zivute sawa. Ncha moja huku, ncha nyingine kule, mafuta yanapanda upande wa inayovuta zaidi, unarekebisha skrubu mpaka yakae sawa. Baba alikitengeneza mwenyewe. "Hicho tutakifikia," Fundi akasema. Nilisikia ile "tu" na sikuipinga.

Siku ya tano tuliipa mipira joto. Dada alileta draya kutoka saluni kwake, nikaipuliza mipira ya mbele mpaka ikaanza kulegea, na hapo umeme ukaisha kwenye LUKU. Mama akasema hakununua yuniti za kukaushia pikipiki nywele. Akawasha mkaa, akachemsha maji, akaleta taulo kuukuu. Ukweli ni kwamba taulo la maji ya moto lilifanya kazi kuliko draya. Unaufunika mpira, unangoja, unafunua, una dakika mbili tatu kabla haujarudi kuwa kwato. Kulainisha tulitumia sabuni ya kipande. Nilichukua mafuta ya kupikia kwanza, Baba akanipiga kofi mkononi. Mafuta hayakauki, kabureta ingeteleza itoke yenyewe barabarani. Sabuni inakauka inashika.

Fundi alikuja na wazo lake mwenyewe, ambalo Baba hakumfundisha: mipira ya tyubu iliyokatwa, ile ya kufungia mizigo kwenye bodaboda. Akaizungusha nyuma ya kabureta, akaivuta kwenye mabomba ya fremu mbele ya injini, pande zote mbili, akafunga. Kabureta zikawa zinavutwa mbele na tyubu wakati mimi nazisukuma kwa nyuma. Baba alitaka kusogezwa karibu. Tukamsogeza na kiti chake. Akaweka mkono wa kushoto juu ya kabureta ya kushoto, kidole gumba kwenye ukingo wa mpira, akiukunjua pale unapojikunja.

"Moja," akasema. "Mbili. Tatu."

Nikasukuma. Ya kulia iliingia kwa mlio wa chupa inayofunguliwa. Ya kushoto ikabaki nusu. "Moja, mbili, tatu." Ikaingia. Tulipiga kelele, hata Mama aliyekuwa akijifanya hajali. Fundi alirudisha boksi mbele, mipira ya nyuma ikakaa vizuri, ule uliochanika nao ukakaa, klampu zikafungwa. Nilikuwa nimelowa jasho. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Baba hakuwa anashangilia. Alikuwa akiangalia usukani. Kisha akasema, "Kamba."

Nikaangalia. Nyaya za resi, zote mbili, ya kufungua na ya kufunga, zilikuwa zinaning'inia kando ya tangi, hazijaunganishwa na chochote. Zinaunganishwa kabureta zikiwa bado nje. Zikishaingia, hakuna mkono wa binadamu unaofika pale.

Fundi akalaza paji la uso juu ya kiti cha pikipiki akacheka mpaka akakohoa. Baba akatoa lile tusi refu la Kisambaa, lote, bila kukwama, kila silabi mahali pake.

"Hilo amelitamka vizuri," Mama akasema kutoka jikoni.

Usiku ule sikulala mapema. Baba naye hakulala, nikakaa naye kibarazani. Kulikuwa na upepo kutoka baharini. Aliuchukua mkono wangu akauweka gotini kwake, akauangalia kwenye mwanga wa taa ya nje: kucha nyeusi, ngozi imechubuka, harufu ya petroli ambayo sabuni haikuiondoa. Nikamuuliza. Sijui kwa nini nilichagua kumuuliza sasa, wakati nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kumuuliza akiwa na maneno yake yote.

"Baba, kwa nini yeye ulimfundisha na mimi hapana?"

Alikaa kimya muda mrefu, na nilifahamu kwamba si kimya cha kukosa jibu. Midomo ilisogea. Akasema "kitabu", akatikisa kichwa, halikuwa hilo, au halikuwa hilo tu. Akaachilia mkono wangu. Akaunyanyua wake wa kushoto, akavigusa vidole vyake shavuni kimoja kimoja, akahesabu. "Moja. Mbili. Tatu. Nne." Akafika kwenye kile kifupi, akakiruka. Akaendelea na vya mkono wa kulia uliolala mapajani. Akafika tisa. Kisha akaichukua mikono yangu yote miwili na kuanza upya, akibana kila kidole kama anayehakiki bolti, mpaka kumi.

Nilitaka kumwambia kwamba nafanya kazi ofisini, kwamba kikokotoo hakimkati mtu kidole, kwamba ningekubali kupoteza kimoja. Sikusema. Alikuwa ameanza kuhesabu tena.

Siku ya sita tulitoa kila kitu. Klampu, boksi nyuma, taulo la moto, kabureta nje. Niliunganisha nyaya za resi kwanza, ya kufungua kisha ya kufunga, nikauzungusha mkono wa resi mara tano kuona kwamba sahani zote mbili zinafunguka na kurudi pamoja. Baba alisikiliza zile sahani zikirudi, tak, tak, tak, na mara ya tatu akainua kidole kwamba inatosha, lakini mimi niliendelea mpaka tano. Klampu niliziweka vichwa vya skrubu vikielekea nje, kwa sababu jana nilizigeuza ndani na nilizifunga kwa bisibisi iliyolala kwa taabu. Sabuni. Tyubu. Moja, mbili, tatu. Safari hii ziliingia zote kwa pamoja, na hakuna aliyepiga kelele mpaka Baba alipozungusha resi mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akiupitisha mbele ya usukani.

Betri tuliazima kwa Fundi. Petroli tuliiweka kwenye chupa ya maji, tukaining'iniza kwenye usukani kwa mpira mwembamba. Nilibonyeza stata. Injini ikazunguka, ikazunguka, ikakohoa upande mmoja. Fundi akavuta choki zaidi. Nikabonyeza tena.

Iliwaka. Kwa muda mfupi ulikuwa mlio ule ule, yule mtu mnene anayecheka amefunga mdomo, na Mama akatoka jikoni na mwiko. Kisha mlio ukaanza kupanda wenyewe, bila mtu kugusa resi. Sailensi ya pikipiki hii inatakiwa iwe kama 1,200. Mshale ulipita 2,000, ukafika 3,000, ukakaa pale ukitetemeka, injini inalia kama imekasirishwa.

Niliangalia uso wa Baba nikitarajia machozi, au tabasamu, kwa sababu nilikuwa nimeshaiandika sehemu hii kichwani tangu nikiwa kwenye basi. Hakuwa na hata kimoja. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio limeelekea injini, amekunja uso. Alikuwa kazini.

Akanyoosha mkono kwa Dada, akafanya vidole kama anaminya kitu. Dada akaelewa kabla yetu, akakimbilia ndani akatoka na chupa yake ya kupulizia maji kwenye nywele. Fundi akaipokea akaanza kupulizia kwenye kila maungio, mpira wa nyuma kulia, hakuna kitu, wa nyuma kushoto, ule nilioulaumu moyoni, hakuna kitu, wa mbele kulia, hakuna kitu. Alipopulizia wa mbele kushoto, kwa chini, mlio ukashuka ghafla sekunde moja, maji yakanyonywa, ukapanda tena. Kuna hewa inaingia pale, isiyopita kwenye boksi, isiyopimwa na yeyote.

"Zima," Baba akasema.

Nikazima. Uani pakawa kimya, injini ikitoa vimlio vidogo vya kupoa. Fundi akaangalia saa, akakaa chini. Dada alikuwa ameshika simu, sijui alikuwa anarekodi tangu lini. Baba akaninyooshea kidole, kisha akakielekeza chini ya kiti cha pikipiki.

"Nyuma," akasema.

Nikachukua spana namba kumi, nikaanza na betri.